Studio Tuliyoiwasha Tena kwa Ajili ya Adolphine

Wanangu mnaopiga picha kwa kamera zinazoingia mfukoni, mimi nilianza kazi wakati kamera ilipohitaji kupashwa moto kama supu. Tuliiwasha asubuhi ili itufae mchana. Ndani yake kulikuwa na mirija mitatu ya kioo, mmoja wa rangi nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu, na kama haijapata joto sawasawa, mtangazaji alionekana na ukingo mwekundu shavu hili na ukingo wa kijani shavu lile, kama mtu anayechunguliwa na mapacha wake. Basi unachukua bisibisi ndogo, unafungua ubavu wa kamera, unazungusha polepole hadi wale watu watatu wawe mtu mmoja. Kazi hiyo ilitaka mkono mtulivu na tumbo lililoshiba. Mwenye njaa mkono wake unatetemeka, na miaka ile ya mwisho tulitetemeka sana.

Nilifanya kazi kwenye televisheni hapa Lubumbashi tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa kaskazini, upande wa Mitwaba, na alitaka nimfuate kwenye treni. Nilimkatalia kwa sababu nilikuwa nimeiona studio siku kwaya ya parokia yetu ilipokwenda kurekodi nyimbo za Krismasi, na tangu siku hiyo sikutaka kazi nyingine.

Aliyenifundisha ni Bwana Prosper, fundi mkuu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alitambua magonjwa ya mashine kwa pua. Transfoma inayochoka, alituambia, inanuka karanga zilizoungua. Kondensa inayotaka kupasuka inanuka samaki. Tulicheka, kisha tukajifunza kunusa. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kutoelekeza kamera kwenye taa, maana mwanga mkali uliuchoma mrija na kuacha doa lisilotoka. Siku moja alikuwa akitueleza sheria hiyo kwa moyo wote, mkono mmoja ukiwa hewani, na mkono wa pili ukaigeuza kamera taratibu hadi ikatazama taa kubwa ya dari. Kwa miezi mingi baadaye kila aliyepita mbele ya kamera ile, awe padri au mchezaji wa mpira, alikuwa na doa la kijani kwenye paji la uso. Bwana Prosper aliagiza chombo cha maua kiwekwe kwenye kila meza, ili doa likae juu ya majani.

Jumamosi mchana tulikuwa na kipindi cha muziki, na huko ndiko nilikomjua Adolphine. Wazazi wake walitoka jimbo la Kasai, baba yake akiwa mchimbaji wa shaba, lakini yeye alizaliwa hapa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya migodi. Alisoma kwa masista wa hapa, akakisema Kiswahili cha hapa vizuri kuliko mimi. Aliimba na bendi ya vijana wa mtaa wao, na muziki wao ulitoka kwenye mambo yaliyowazunguka. Mpiga gitaa alipiga kwa vidole viwili, namna wazee wa migodini walivyopiga wakingoja zamu yao. Nyuzi walizilinganisha kwa kufuata king'ora cha kampuni, kile kilicholia wakati wa kubadilisha zamu. Adolphine aliniambia kwamba hakuhitaji piano ya kumpa sauti ya kuanzia, king'ora kilimpa. Wimbo wake uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa mwanamke anayemngoja mume wake mlangoni mwa mgodi, na aliutunga akimtazama mama yake.

Sasa sikieni jambo moja la kazi yetu. Mpiga kamera alivaa vifaa vya masikioni, na ndani ya vifaa vile hakukuwa na muziki. Kulikuwa na sauti ya mwongozaji, aliyekaa kwenye chumba cha nyuma ya kioo, akiamuru: sogea, rudi, shika hapo, usitikisike. Hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi nilimwona Adolphine akiimba, na sikumsikia. Nilijua jinsi shingo yake ilivyokaza kabla ya sauti ya juu. Nilijua kwamba jicho la kushoto lilifumba kwanza, na kwamba waya wa mikrofoni aliushika kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Maneno ya wimbo yalinifikia vipande vipande. Nilikuwa nimeamua kwamba siku moja nitamwomba aniimbie nje ya studio, mimi peke yangu, na baada ya wimbo nimwambie lililokuwa moyoni. Nilikuwa nangoja mambo yatulie kidogo.

Mambo hayakutulia. Kampuni ya migodi ilianza kuanguka, na mji mzima ulikuwa umeiegemea. Mishahara ilisimama, hospitali na shule za kampuni zikachakaa, na king'ora kikawa kinalia siku hii na kunyamaza siku ile. Kwetu vipuri havikuja tena. Kamera tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja, kila iliyokufa ikiilisha nyingine viungo vyake. Ukanda wa mpira wa mashine ya kaseti ulipokatika, Bwana Prosper alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akaupaka poda ya watoto, na mashine ikazunguka. Picha ziliyumba, lakini zilitoka. Kaseti mpya nazo zilikoma kuja, ikatoka amri kwamba za zamani zirekodiwe tena. Hotuba ziliwekwa juu ya nyimbo, na hotuba mpya juu ya hotuba. Ndivyo nyimbo za Adolphine zilivyofutika zote. Hakuna aliyemchukia, mashine ilitaka mkanda tu.

Kisha askari wasiolipwa wakaingia mjini kupora, na raia wakafuata nyuma yao. Vyombo vyetu vilibebwa mchana kweupe. Skrini za kukagulia picha zilichukuliwa zote, kwa kuwa zilifanana na televisheni za nyumbani. Lakini skrini ya studio haishiki mawimbi. Inaonyesha tu kile unachoiletea kwa waya. Baada ya muda watu wakaanza kutuletea tuzitengeneze. Mwanamume mmoja aliweka skrini mezani kwa Bwana Prosper, kibandiko chetu kikiwa bado juu yake, akalalamika kwamba aliinunua sokoni na haionyeshi kituo hata kimoja. Bwana Prosper aliizunguka, akainusa, akamwambia kwa upole kwamba mgonjwa huyu lazima alazwe. Yule mtu akaiacha. Tulipata skrini zetu kadhaa kwa njia hiyo, na hakuna aliyerudi kuuliza hali ya mgonjwa.

Yaliyofuata hayachekeshi. Wanasiasa walianza kusema kwamba wenye asili ya Kasai warudi kwao. Watu waliozaliwa hapa, waliozika wazazi wao hapa, waliamka wakakuta vijana wa mtaa wamesimama mlangoni na marungu. Familia ya Adolphine ilitolewa kwenye nyumba yake, ikaenda kukaa kwenye gare, kituo cha treni, pamoja na maelfu ya wengine, kungoja treni ambazo hazikuwa na saa wala siku.

Nilikwenda huko. Baba yangu alinionya nisiende. Sisi watu wa kaskazini mwa jimbo letu la Katanga tulihesabiwa upande wa wanaobaki, na upande huo haukupenda kumwona mtu wake akibeba sahani kuwapelekea wanaoondoka. Nilimkuta Adolphine kando ya ukuta wa ghala, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, mama yake amelala karibu naye kwa homa. Watu waliugua pale kwa maji machafu na baridi, na wengi walizikwa kabla treni haijaja. Nilimpelekea unga na samaki wakavu wa Kilwa yetu ya ziwani, kila nilipopata. Siku moja alinirudishia sahani, akaniambia:

“Ngoy, usinileteye tena bya kula. Unileteye sabuni. Banatuita bilulu. Miye nataka kupanda treni na harufu ya muntu.”

Bilulu ni wadudu. Nilizunguka mji mzima kutafuta sabuni, maana maduka yalikuwa yameporwa au yamefungwa, na mwishowe sista mmoja alinikatia kipande cha ile wanayofulia. Niliporudi, kando ya ukuta ule palikuwa na familia nyingine. Treni ilikuwa imeondoka asubuhi. Mwanamke niliyemkuta mahali pake aliona nilichoshika, akanyoosha mkono, nikampa.

Niliwauliza watu wa reli, marafiki wa baba. Mmoja alidhani amesikia kwamba mwimbaji alifia njiani. Mwingine alisema ni mama wa mwimbaji. Sikupata zaidi ya hapo. Baadaye nilioa mwanamke mwema, Mama Fébronie, na nilimsimulia habari hii kabla ya ndoa. Alinijibu kwamba asiyempoteza mtu miaka ile hakuwa anaishi Lubumbashi.

Nilikuwa nimeshastaafu Grâce alipobisha hodi. Ni mwongozaji wa filamu, umri wa binti zangu, mzaliwa wa Kinshasa. Mama yake alikuwa mmoja wa waliofukuzwa hapa, na alimlea Grâce akimsimulia juu ya mwimbaji wa Jumamosi mchana. Sasa Grâce alitaka kutengeneza filamu ya miaka ile. Mwimbaji wake angepewa jina jingine na maisha ya kubuniwa kidogo, lakini shina lake liwe Adolphine. Alikuwa ametafuta picha yake kila mahali, asipate hata moja. Alitaka nimweleze studio ilikuwaje, na mwanamke yule alikuwaje.

La studio nililiweza. Kamera ya mwisho ilikuwa sebuleni kwangu, kwa sababu siku ilipotakiwa kutupwa niliiomba. Mama Fébronie aliitandikia kitambaa na kuweka redio juu yake. Wageni wakiuliza ni nini, aliwaambia, “Hii kintu inakamata fasi mingi kupita miye.” Siku vijana wa Grâce walipokuja kuibeba wairudishe studio, alifagia pale ilipokuwa imesimama, kisha akalalamika kwamba sebule imebaki wazi mno.

Skrini ndizo zilizotusumbua. Za studio zilikuwa zimekwisha. Ndipo nikasikia kwamba Patron Kambale, mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini anayeuza sukari na unga kwa jumla, ana skrini ya zamani ghalani kwake. Tulikwenda na Grâce, tukaikuta kweli, kibandiko chetu bado kiko ubavuni, ikimwonyesha malori yake yakishusha mizigo. Alikuwa ameiunganisha na kamera zake za ulinzi. Aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu, na alituapia kwamba skrini mpya zimemfia mara nyingi, hii haijawahi kuugua. Nilimweleza ilikotoka. Alisema basi ni yetu, ila angefurahi aonekane kwenye filamu pamoja na mke wake. Mkiiona filamu ile, bwana mnene wa safu ya mbele, mwenye koti la kola pana, anayepiga makofi kabla ya wakati wake, ndiye huyo.

Tulipoiwasha skrini mbele ya kamera ya kisasa, mstari mweusi ulipanda na kushuka juu yake bila kukoma. Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikanusa, sikupata ugonjwa wowote. Mpiga picha wa Grâce, kijana mwenye hereni sikioni, aliniomba nimwachie kidogo. Akarekebisha kamera yake ifumbe na kufumbua jicho kwa mwendo ule ule wa skrini, na mstari ukasimama, ukapotea. Alinieleza kwamba skrini ya zamani inachora picha mstari kwa mstari, na kamera ikifumba jicho kabla mchoro haujaisha, inaona kipande tu. Nilikuwa nimeishi na skrini zile maisha yangu yote na sikuwahi kuwaza kuzipiga picha. Nilimwomba anieleze mara ya pili, kwa furaha ya kuwa mwanafunzi tena. Mimi nami nikamwonyesha kwa nini spika isiwekwe karibu nazo: sumaku yake inapaka zambarau pembeni mwa picha. Siku nzima tulifundishana hivyo. Jioni ilipokaribia, taa nyekundu ya kamera yangu iliwaka, ingawa mirija ilikuwa imekufa zamani na haikuona kitu. Kwenye filamu ilitosha kwamba inawaka.

Lakini Adolphine mwenyewe sikuweza kumleta. Nilimfundisha binti mwigizaji namna ya kuushika waya, na jicho lipi lifumbe kwanza. Aliponiomba wimbo, nilikuwa na vipande tu. Bwana Prosper alikuwa ameshafariki, watu wa bendi wametawanyika. Mwanamuziki wa filamu akatunga ubeti uliokosekana, binti akauimba, Grâce akarekodi jaribio kwenye simu na kulituma kwa kila mtu wa Kasai aliyemjua, akiomba anayeukumbuka wimbo ule asaidie.

Jibu lilitoka Mwene-Ditu, mji wa reli huko Kasai. Tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, pale studio Grâce alipoiweka simu mezani. Sauti ya mwanamke ilisema kwa utulivu:

“Ule mutoto iko na sauti ya muzuri. Paka mustari ya pili tu njo munaharibisha. Haiko vile. Musikie.”

Kisha akaimba: “Uliniachia taa, ukaenda na moto wake. Sasa ninamulika njia na mukono.” Sauti ilikuwa imeshuka na kukwaruza kidogo, lakini mahali pa kuvuta pumzi palikuwa pale pale nilipopajua kwa macho. Niliinuka mezani nikaenda kusimama uani. Nilikuwa mzee mwenye wajukuu, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeusikia wimbo ule mzima.

Adolphine alikuwa mjane, akifundisha kwaya ya parokia kule. Mama yake kweli alifia kwenye treni. Grâce alimwomba aje, akakataa; akamwomba tena, akakubali, ila kwa ndege kutoka Mbuji-Mayi, kwa maana treni alisema hatapanda tena maishani mwake. Aliingia studio akiwa ameshika bega la mjukuu wake wa kike. Alizitazama taa, skrini, kamera yenye taa nyekundu, halafu mimi. Aliniambia tu kwamba nimekonda, kana kwamba tuliachana wiki iliyopita.

Grâce alikuwa na wasiwasi mkubwa. Katika hadithi aliyoiandika, mwimbaji anafia kwenye gare kabla treni haijafika. Sasa aliyempa hadithi alikuwa amekaa mbele yake akinywa chai. Aliona aibu, akamwambia kwamba ataubadilisha mwisho, mwimbaji apone, arudi, aimbe tena. Adolphine akaomba asomewe kwanza ule mwisho wa kifo. Grâce alimsomea. Adolphine aliweka kikombe chini.

“Muache akufe,” alisema. “Benye balikufa pale ku gare, hakuna mwenye alibaimbia. Ule wa filme akufe na bo. Miye niko hapa.”

Mwisho haukubadilishwa. Siku ya kuupiga picha alisimama kando ya mwigizaji kabla ya kuanza, akamfuta jasho kwa kanga yake, kisha akatoka nje asione.

Kabla ya kuondoka alitaka kwenda kuiona nyumba yao. Tulimkuta mama mwenye nyumba akichambua matembele. Adolphine alimwambia tu kwamba aliwahi kuishi mtaa huu zamani. Yule mama, ambaye alikuwa bado mtoto miaka ile, akamletea kiti, akamweka chini ya mti wa avoka, yaani parachichi, uliopandwa na baba yake Adolphine, akamkaribisha maji. Mimi nilifungua mdomo niseme. Adolphine alinitazama, nikaufunga. Walizungumza bei ya unga na shule za watoto. Tulipoinuka kuaga, aliuliza kama chumba cha nyuma bado kinavuja kwenye kona. Mwenye nyumba alishangaa, akauliza amejuaje.

“Ilikuwaka inavuya tangu zamani,” alisema Adolphine, akamshukuru kwa kiti.

Yule mama alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nadhani alielewa, kwa sababu alitushindilia mfuko wa avoka na kutusindikiza hadi barabara kubwa, akiwa ameshika mkono wa Adolphine muda wote.

Kwenye uwanja wa ndege mjukuu alikwenda kupima mizigo, tukabaki wawili kwenye benchi. Nilimwambia basi. Nilimwambia kile nilichokuwa nangojea mambo yatulie nimwambie, kwa maneno machache, kwa kuwa uzeeni mtu hana haja ya kupamba. Alicheka kwa koo, bila kunitazama.

“Nilijuaka, Ngoy. Hata wakati ya solo ya gitare, kamera yako ilibakiaka paka kwangu tu. Ule wa gitare alikukasirikiaka sana.”

Kisha akaitwa, akasimama kwa kutegemea bega langu, akaenda.

Nilirudi nyumbani mchana ule. Mama Fébronie alikuwa ameandaa chakula. Aliniuliza kama nilimwambia. Nilimjibu kwamba nilimwambia, na kwamba alikuwa anajua tangu zamani. Akanisogezea kiti, akafunua sufuria.

“Basi ikala,” alisema, “tukule.”